Mlinzi wa Mali ya Watu Ale Wapi?



Swali la Ijumaa hii ni hili: polisi ambaye kazi yake ni kuwafuata wezi wakubwa na kurudisha mali waliyoiba, nani amlipe? Je, serikali imtolee mshahara katika hazina, au akatiwe fungu katika ile mali anayoirudisha? Labda mtu atasema hilo ni jambo la Kinshasa, si la msikitini. Lakini mali inayozungumzwa mara nyingi ni shaba na kobalti iliyotoka chini ya miguu yetu, na anayekosa dawa hospitalini kwa sababu ya wizi huo ni mtoto wetu.

Kwanza tuangalie kinachotokea wakati kazi hiyo haifanywi kwa nguvu. Mwaka wa 1997, Mobutu alipoanguka, Uswisi ilifunga mali yake iliyokuwa huko, karibu franka za Uswisi milioni 7.7. Miaka 12 ikapita. Uswisi ilingoja nchi yetu ilete mashitaka na ushahidi; vikachelewa. Mwezi wa 7 mwaka wa 2009 tribinali ya Bellinzona ilisema muda wa kushitaki umepita, na pesa zikarudi kwa warithi wake. Baadaye Uswisi iliandika sheria mpya, iliyoanza kazi mwaka wa 2011, ili jambo la namna hiyo lisirudie tena. Kwetu funzo ni jepesi kuliona. Mwizi mkubwa ana avoka, ana mhasibu, na ana muda wa kungoja. Anayemfuata bila mshahara, bila ofisi na bila nauli ameshindwa kabla ya kuanza.

Basi, wengine wanasema, apewe fungu! Hawakosi hoja. Uingereza ilifungua mwaka wa 2003 ofisi ya pekee ya kurudisha mali ya wahalifu. Kufika mwisho wa mwaka wa 2006 ofisi hiyo ilikuwa imetumia pauni milioni 65 na kurudisha milioni 23 tu. Mwaka wa 2008 ikavunjwa, na kazi yake ikapewa ofisi nyingine. Huko huko, tangu mwaka wa 2006, kuna mpango unaorudisha nusu ya mali inayopatikana kwa polisi, waendesha mashitaka na mahakama walioifanyia kazi. Watu wakasema: sasa watakuwa na bidii.

Ndugu zangu, bidii ni kitu chema, lakini tuulize ni bidii ya kutafuta nini. Mtu akilipwa kwa kukamata mali, jicho lake litatafuta mali. Kosa litakuja nyuma. Katika majimbo mengi ya Marekani polisi wanabakiza sehemu kubwa ya vitu wanavyokamata. Mwaka wa 2019 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kesi ya mtu wa Indiana aliyenyang'anywa gari la dolari 42,000, ijapokuwa faini kubwa kabisa ya kosa lake ilikuwa dolari 10,000. Mahakama ikasema katazo la faini zilizopita kiasi linayafunga majimbo pia. Na jimbo la New Mexico lilikuwa limekwisha kukata mzizi mwaka wa 2015: kila pesa ya namna hiyo iingie katika hazina ya wote, polisi wasiguse.

Sisi wa Lubumbashi hatuhitaji kwenda Marekani ili kuyaelewa haya. Mbuzi hula urefu wa kamba yake. Mweke askari wa mshahara mdogo barabarani, umwambie chakula chake kiko katika anachokamata. Atamsimamisha nani? Yule mwenye kampuni na mawakili watatu? Hapana. Atamsimamisha dereva wa taksibasi, mama anayepeleka bidhaa zake soko la Mzee Kabila, na mchimbaji wa mikono mwenye kiloba kimoja. Mwizi mkubwa anataka miaka mitano ya kufuatwa. Mnyonge anakamatwa kabla ya adhuhuri. Fungu linampa askari sababu ya kumwacha wa kwanza na kumwonea wa pili.

Mtu atajibu: lakini dini yetu yenyewe imempa mkusanyaji wa zaka fungu lake. Ni kweli, na jibu lake ni muhimu. Mkusanyaji wa zaka hakuti kazi ya kushuku watu. Kiwango cha zaka kimekwisha kuwekwa; yeye hawezi kukizidisha kwa sababu ana njaa, na fungu lake ni ujira wa kazi. Anayefuata wezi ndiye anayechagua nani ashukiwe na mlango gani ugongwe. Mwenye kuchagua mshukiwa hafai kufaidika na uchaguzi wake. Tunakumbuka pia Ibn al-Lutbiyya, aliyerudi kutoka kukusanya zaka akatenga sehemu moja kuwa ya umma na nyingine kuwa zawadi aliyopewa yeye. Mtume (s.a.w.) alimkemea mbele ya watu, akauliza kama zawadi hiyo ingemfikia akikaa nyumbani kwa wazazi wake. Na Abu Bakr (r.a.), mfanyabiashara wa nguo, alipopewa ukhalifa alitoka asubuhi na nguo zake kwenda sokoni, masahaba wakamrudisha, wakamwekea posho kutoka Baitul-mali. Hawakumwambia ajilipe katika atakachokipata. Walimkadiria kwanza, kisha akafanya kazi.

Imebaki hoja ngumu kuliko zote: hazina yetu nayo inavuja. Ndiyo, inavuja. Uganda iliamriwa na mahakama ya The Hague mwaka wa 2022 kutulipa dolari milioni 325 kwa madhara ya vita, na mfuko ukawekwa kwa ajili ya wahanga. Mwezi wa 9 mwaka wa 2025 waziri wa zamani wa sheria alihukumiwa miaka mitatu ya kazi ngumu kwa dolari milioni 19 zilizotoka katika pesa hizo, akidaiwa kujenga gereza Kisangani. Mwenyewe alikana. Lakini kesi hiyo inatuonyesha kwamba mali iliyorudi inaweza kupotea mara ya pili. Hata hivyo, hazina inayovuja haitengenezwi kwa kumpa kila mlinzi kikombe chake. Inatengenezwa kwa hesabu inayosomwa mbele ya watu.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Serikali ilipe, na ilipe vizuri, kabla mwaka haujaanza, wapate kidogo au wapate kingi. Mwaka wa 2022 kampuni ya Glencore ilikubali kuilipa nchi yetu dolari milioni 180 kwa sababu ya madai ya rushwa ya miaka ya 2007 hadi 2018. Sehemu ndogo tu ya pesa za namna hiyo, ikipitishwa na bunge kama mshahara wa kawaida, ingelisha wapelelezi wengi bila kuwafanya wawindaji. Yote yanayorudi yaingie mfuko mmoja, yaandikwe, yatangazwe.

Na sisi tuna sehemu yetu. Anayempa askari matabishi ili apite haraka anamfundisha kula njiani. Tuombe karatasi ya kila franka tunayotoa, kisha tuwe na haki ya kuomba karatasi ya mamilioni.

Wabillahi tawfiq.