Je, Cha Bure Hakilaumiwi?

Mtu akipewa kitu bure, nacho kikamtaabisha, je, ana ruhusa ya kusema? Wapo wanaojibu upesi: umepewa, shukuru, nyamaza. Sisi twaona jibu hilo halitoshi, na twapenda wasomaji wetu walipime kwa jambo la bonde la Kilombero.

Wengi waijua Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, iliyokuzwa na Wakapuchini na masista wa Baldegg kutoka Uswisi. Katika kliniki yake ya magonjwa sugu, wanakotunzwa wenye virusi vya UKIMWI wa Kilombero na Ulanga, habari za wagonjwa zilianza mwaka 2013 kuandikwa katika kompyuta kwa programu iitwayo OpenMRS. Programu hiyo haiuzwi. Wazo lake lilizaliwa mwaka 2004, madaktari wawili Wamarekani, Burke Mamlin na Paul Biondich, walipofika Eldoret, Kenya, wakaona wagonjwa wanazidi kumbukumbu zilizokuwapo. Mwaka 2006 ikaanza kazi huko huko Eldoret. Tangu hapo watu wa mataifa mengi, wengine kwa mshahara wa mashirika yao na wengine kwa kujitolea tu, wameiandika na kuitengeneza. Na kila mtu aruhusiwa kuichukua na kuigeuza apendavyo.

Ni tendo jema, wala hatutaki kulipunguzia sifa. Lakini taabu yake imetoka katika ukarimu wenyewe. Ili ifae kila nchi, programu haikufungwa kwa kliniki moja: maneno yote ya tiba, homa, uzito, dawa, huwekwa katika kamusi yake, na kila mahali watu hujitungia fomu zao. Basi kilichokusudiwa kumfaa kila mtu huja hakijamkaa mtu yeyote sawasawa. Aliyeiandika ajua kila kitufe kilipo. Muuguzi mwenye foleni ndefu mlangoni hajui. Afungua ukurasa huu, arudi ule, asoma maneno ya lugha ya kigeni, na saa zaenda.

Malalamiko ya namna hii yasikika hata katika nyumba za Ulaya na Marekani. Iko programu ya kuongoza taa na milango ya nyumba, Home Assistant, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, nayo pia ni ya bure. Baba aliyeifunga aielewa vizuri. Mkewe na wageni hupapasa ukutani wakitafuta namna ya kuwasha taa. Huko hasara ni giza na kicheko. Katika kliniki, mtoto ambaye uzito wake haukuandikwa aweza kukosa kipimo cha haki cha dawa, maana dawa za watoto hupimwa kwa uzito.

Mtoaji akilalamikiwa huwa na jibu: "Nimetoa usingizi wangu, usipopendezwa, itengeneze mwenyewe." Kwa sheria asema kweli, kwa kuwa mlango wa kuitengeneza u wazi. Lakini kumwambia muuguzi hivyo ni kumwambia mgonjwa ajishone kidonda. Jirani akija shambani kwako kukusaidia kupanda mpunga, akapanda ovyo, njaa ya mwaka ule haitauliza kama alilipwa. Wala hatudhani kwamba Mtakatifu Yosefu, akimchongea mjane kiti bila malipo, angeuacha mguu mmoja mfupi. Hiari ni katika kuanza kazi. Akiisha kuianza, na watu wakiitegemea, wema wa kazi si hiari tena.

Na huyu anayelalamika je? Wapo wanaowatukana watu wasiowadai hata senti, na matusi yamewavunja moyo wengi waliokuwa wakifanya kazi kwa nia safi. Hilo ni deni baya la shukrani. Lakini asemaye, "Ukurasa huu, nilitaka kuandika uzito, kitufe sikukiona, nikapoteza mgonjwa wa pili," huyo hakunung'unika. Ametoa kitu ambacho mwandishi wa programu, aliye mbali, hangeweza kukipata kwa akili yake peke yake. Yeye naye ameingia katika hesabu ya waliojitolea.

Shida ni kwamba ayajuaye maumivu hayo hana nafasi, na mara nyingi hana Kiingereza cha kuyapeleka mahali ambapo mambo ya programu huzungumzwa. Vijana wetu waliosomea kompyuta, wengine kwa ada iliyotoka katika mpunga wa wazazi wao, wangeweza kuketi asubuhi moja nyuma ya muuguzi, kimya, na daftari mkononi, wakahesabu mara ngapi anarudi ukurasa ule ule, kisha wakaandika barua ile kwa niaba yake.