Mkeo na Ile Alama ya Kidole

Ndugu msomaji, wewe uliye mume na baba wa nyumba, neno la leo ni lako. Mkeo anataka kwenda ngumbaru. Jumapili, baada ya Misa, alisikia kwamba masomo ya watu wazima yanaanza katika ukumbi wa parokia, alasiri mbili kwa juma. Alipokuomba ruhusa ulimjibu: "Mwanamke akijua kusoma atanipanda kichwani."

Kumbuka siku ya harusi yenu. Mbele ya altare, padre hakutosheka na neno la baba yake wala la wazee waliopokea mahari. Alimwuliza yeye mwenyewe kama anakubali kwa hiari yake. Kanisa lafundisha kwamba kukubaliana kwa wawili ndiko kunakofanya ndoa. Basi aliyestahili kuulizwa siku ile, amekosa nini hata leo apewe karatasi na kuambiwa, "Weka kidole hapa"?

Karatasi hizo si mchezo. Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012 inakataza nyumba ya ndoa kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzi. Ukitafuta mkopo kwa nyumba hiyo, mkeo ataitwa. Je, idhini ya mtu asiyejua kilichoandikwa ni idhini gani? Na Mungu akikuita wewe kwanza, nani atamsomea barua ya benki, au hati ya shamba alilolilima miaka yote? Mjanja wa kijiji hakosekani, naye atasoma apendavyo.

Usiseme amezeeka. Mwaka wa 2004 Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza huko Eldoret akiwa na miaka 84, akitamani kujisomea Biblia. Wala usiogope. Mke anayesifiwa katika Mithali 31 hulichunguza shamba na kulinunua, na bado moyo wa mumewe humtumaini.

Basi usimpe ruhusa ya mdomo tu. Alasiri hizo mbili, wewe uchote maji, ulishe ng'ombe, uwaangalie watoto. Jioni mwulize amejifunza nini. Siku atakapoweza, toeni zile karatasi zilizo chini ya kitanda mzisome pamoja. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nacho kidole gumba cha mkeo, kikiwa peke yake juu ya karatasi asiyoielewa, hakiwezi kuilinda nyumba yenu.