MWANAMUME MWENYE MTUNGI WA MAJI

Somo: Marko 14:12-16



Pasaka ilipofika, Bwana Yesu aliwatuma wanafunzi wawili mjini kuandaa karamu. Hakuwatajia mtaa wala jina la mwenye nyumba. Aliwapa dalili moja: watakutana na mwanamume aliyechukua mtungi wa maji, nao wamfuate. Wafafanuzi wengi wa Biblia wanaona kwamba dalili hiyo ilitosha, kwa kuwa katika nchi ile kuteka maji kwa kawaida kulikuwa kazi ya wanawake. Tunawakumbuka Rebeka (Mwanzo 24), binti za kuhani wa Midiani (Kutoka 2), na mwanamke Msamaria (Yohana 4). Mwanamume mwenye mtungi alitambulikana upesi. Bwana hakumwonea haya mtu huyo. Alimtumia kuwafikisha wanafunzi kwenye chumba cha Karamu yake.

Wazee wetu nao waligawa kazi, wala hawakuzigawa kwa ujinga. Mwanamke aliteka maji, akatafuta kuni, akapika. Mwanamume alifyeka pori, akajenga, akachunga, na usiku akalinda kijiji dhidi ya wanyama wakali na maadui. Kila mmoja alikuwa na mzigo wake. Leo wengi wetu hatukeshi tena na mkuki mlangoni. Mzigo wa mwanamume umepungua. Wa mwanamke umebaki pale pale, na juu yake tumeongeza biashara ya sokoni na kazi ya ofisini. Basi tunaposema, "Ndivyo walivyofanya wazee," tujue kwamba tunashika nusu tu ya desturi yao.

Tena tutazame barabarani. Wanaosukuma mikokoteni ya madumu ya maji ya kuuza ni wanaume. Mafundi cherehani wengi ni wanaume, na wapishi wa hotelini vile vile. Hakuna anayewacheka, maana wanalipwa. Maji ni yale yale na sufuria ni ile ile. Aibu tunaileta sisi wenyewe kazi hiyo inapofanywa nyumbani bila mshahara.

Sisi tuliofundisha miaka mingi tumeona mawazo yakigeuka. Walikuwako wazazi waliosema kwamba binti akisoma, faida itakwenda kwa watu wa mumewe. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, na mpango wa Elimu ya Msingi kwa wote ulioanza mwaka 1977, wasichana waliingia madarasani kwa wingi. Leo tunao walimu wakuu, madaktari na mahakimu wanawake, na mwaka 2021 nchi yetu ilipata Rais mwanamke wa kwanza. Yale yaliyosemwa kuwa hayawezekani tumeyazoea.

Lakini je, kengele ya jioni ikilia, hali ikoje nyumbani kwetu? Mvulana huchukua mpira. Dada yake huchukua ndoo. Akirudi kutoka kisimani, jiko linamngoja, na vyombo, na wadogo zake wa kuogeshwa. Anapofungua daftari, usingizi umekwisha mshika. Kisha matokeo ya darasa la saba yakitoka, tunasema hana akili. Ndugu, hiyo si haki, na Mungu aliyetupa watoto wote wawili atatuuliza.

Akina baba, tuwape wana wetu ndoo, nasi tuwe wa kwanza kuibeba. Tukumbuke kwamba Bwana aliwaosha mitume miguu (Yohana 13), na baada ya kufufuka walimkuta pwani na moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate (Yohana 21). Akina mama, msimtoe mwana jikoni kwa kuogopa maneno ya majirani. Samaki mkunje angali mbichi. Kijana anayejifunza leo kupika na kufua hatamwonea mkewe kesho. Nanyi wavulana, saa moja mtakayompa dada yenu ya kusoma ni sadaka njema kuliko senti mnayoileta kanisani.

Mtume Paulo anatuagiza tuchukuliane mizigo (Wagalatia 6:2). Tuanze na ule wa maji, jioni hii.

Bwana atupe mioyo ya upendo na mikono isiyochagua kazi. Amina.