Eti Uzee Tu

Kuna maneno mawili ambayo naona yanawasamehe watu kirahisi mno: "uzee tu." Mbwa wa miaka 11 haamki tena gari likipiga honi getini, anakonda, anakunywa maji hayamtoshi, na mwenye nyumba anayasema hayo huku akifungua geti mwenyewe. Mjadala umekwisha. Swali langu ni kama ana haki ya kuufunga mapema hivyo.

Nianze na ini. Sisi Waswahili tunalijua kama mahali pa uchungu. Maneno makali yanakata maini, na mambo yakiharibika yametumbukia nyongo. Lakini ini lenyewe, hili la nyama na damu, halilalamiki. Lina akiba kubwa, na linaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake kabla mnyama hajaonyesha chochote. Likianza kusema husema kwa mafumbo: mbwa anakataa chakula, anatapika leo, kesho mzima. Baadaye ndiyo unaona weupe wa macho na fizi vimegeuka manjano, mkojo umefanana na chai ya rangi, tumbo limejaa maji. Ini likishindwa kuondoa amonia inayotoka utumboni, sumu hiyo inafika kwenye ubongo. Mbwa anaduwaa, anazunguka ovyo, anaegemeza paji la uso ukutani na kubaki hapo. Asiyejua atasema mzee kachanganyikiwa. Mwingine atamtafuta mchawi.

Na siyo kila tumbo kubwa ni ini. Moyo unaoshindwa upande wa kulia nao hujaza tumbo maji. Ugonjwa wa Cushing, ambapo mwili unatoa homoni ya kotisoli kupita kiasi, huwapata zaidi mbwa wa makamo na wazee: wanakunywa sana, wananyonyoka manyoya, tumbo linaning'inia, na vipimo vya ini navyo vinapanda. Ndiyo maana daktari wa mifugo anataka damu, na akiwa na mashine anataka kupiga utrasaundi. Kila ugonjwa kati ya hii una njia yake, na mingine inatibika. "Uzee" hauna tiba, kwa hiyo hauna gharama.

Hapa najua nitapingwa. Watoto wanakosa dawa zahanati, wewe unatuambia tumpime mbwa damu? Ni swali la haki, na silikwepi. Sisemi mbwa alingane na mtoto. Ila tutofautishe hisani na deni. Yule wa kwenye kisa tunachokijua wengi, aliyeteka maji kisimani kwa kiatu akamnywesha mbwa mwenye kiu, alifanya hisani, hakuwa akidaiwa. Mbwa aliyekesha getini kwako miaka kumi anakudai.

Tena tutazame amelipwa nini. Nyumba nyingi mbwa wa ulinzi hupikiwa ugali wa pumba, au wa mahindi yaliyovunda, yale yaliyochambuliwa na kutengwa kwa sababu hayafai kwa watu. Humo ndimo kuvu hutoa sumukuvu, na shabaha yake kubwa ni ini. Kupika hakuiondoi. Tunajua inavyoua: Kenya mwaka 2004 ilisababisha vifo vya watu 125, na mwaka 2016 ikaua watu 20 hapa Tanzania, Dodoma na Manyara. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Ikiwa nyingi huua kwa siku chache. Kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi, hulichakaza ini. Sisemi kila ini bovu limetokana na pumba. Ipo saratani, ipo homa ya mgunda inayoletwa na mkojo wa panya. Lakini tumempa kilichotushinda sisi, halafu ini likichoka tunausingizia umri. Punda tunamsema kwamba shukrani yake ni mateke. Ya kwetu je?

Huruma peke yake haitoshi pia. Mzee mmoja mtaani kwetu, mtu mwema kweli, alikuwa akimpa mbwa wake parasetamoli kwa maumivu ya nyonga. Dawa hiyo inaweza kuliua ini la mbwa. Nia yake sina shaka nayo, ila ini la mbwa halisomi nia.

Kuna hatua ini limejaa makovu na haligeuki tena. Hapo daktari atazungumzia chakula, dawa, kupunguza maji tumboni, au sindano ya kumpumzisha. Wapo wanaoiona sindano hiyo ni ukatili. Mimi naona inaweza kuwa malipo halali ya mwisho, kwa sharti kwamba mwenye mbwa aliuliza kwanza anaumwa nini. Na kuuliza hakuanzi na hela: ni kumfunua mdomo mchana, kwenye mwanga, ukatazama fizi zina rangi gani.