Ulifika na Nani?



Mwezi uliopita ndugu mmoja wa kanisa letu, anayefanya kazi ya zamu kwenye nyumba ya wageni hapa mlimani, alitujia na swali. Alikuwa amewafungulia lango wazungu wawili, marafiki tangu ujana, waliotoka kupanda Karisimbi, volkano yenye mita 4,507, mlima mrefu kuliko yote ya Rwanda. Walikuwa na matope hadi magotini. Mmoja alichechemea, mwenzake amebeba mizigo ya wote wawili. Pale langoni walikumbatiana wakalia, wakamwambia kwamba siku mbili za mlima ule zimewafanya watu wapya.

Ndugu yetu akauliza: "Mchungaji, sisi tulitembea siku kumi na moja kutoka Masisi, usiku, na watoto mgongoni. Mbona safari yetu haikutufanya wapya?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tumeliombea swali hilo, na leo tunawaandikia tulichopata, hasa ninyi wababa, mlio mjini na mlio kambini.

Kwanza tuseme kweli. Safari ya kuchagua si sawa na safari ya kukimbia. Anayepanda mlima kwa hiari anajua siku ya kurudi, na kuna gari linamngoja chini. Sisi tuliondoka bila hata kuaga majirani. Mtu asiwadanganye kwamba vita ni shule. Mungu anaweza kutoa jema katikati ya ubaya, lakini ubaya unabaki kuwa ubaya.

Hata hivyo, tunadhani si mlima uliowaliza wale wageni. Mmoja alishindwa kutembea, mwenzake akaona, akachukua mzigo, wala hakumcheka. Safari ngumu humvua mtu heshima zote alizovaa nyumbani. Mwenzako anakuona ulivyo. Baada ya hapo kuna njia mbili tu: kubaki pamoja, au kukimbiana.

Wako wanaume wawili wa Afrika yetu waliopita njia hiyo. Chuma aliokolewa mwaka 1861, akiwa kijana mdogo, kutoka mikononi mwa wauza watumwa. Susi alitoka Shupanga, Msumbiji. Wote wawili walisafiri na Livingstone miaka mingi. Lakini mwaka 1868 walichoka. Alipotaka kwenda ziwa Bangweulu, wao na wengine walikataa kwenda naye. Aliporudi baada ya miezi, aliwapokea tena, akiandika kwamba yeye naye ana makosa yake.

Alipokufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, hao waliomkataa ndio waliowaongoza wenzao. Walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Karibu na Tabora Mwingereza mmoja, Cameron, aliwashauri wauzike palepale. Wakakataa. Mahali pengine watu waliogopa kupitishiwa maiti, nao wakaufunga kama mzigo wa nguo. Wenzao kadhaa walikufa njiani. Miaka mitano baadaye, mwaka 1879, Chuma, yule mtoto wa utumwani, alikuwa kiongozi wa msafara wa Thomson kutoka pwani hadi maziwa makuu.

Ni nini kilichowakuza? Taabu peke yake? Wengi walipata taabu zilezile. Sisi tunaona kwamba waliwahi kushindwa mbele ya rafiki, wakapokelewa. Ndivyo ilivyokuwa kwa Marko, aliyemwacha Paulo njiani huko Pamfilia (Matendo 13:13). Mwishoni, Paulo akiwa kifungoni, aliagiza aletewe Marko huyohuyo (2 Timotheo 4:11).

Na hapa sisi tunaowaandikia tunaungama. Katika kukimbia tulikuwa na rafiki tuliyesoma naye chuo cha Biblia. Usiku mmoja porini tuliketi chini, tukasema hatuendi tena na kwamba Mungu hayupo. Tulisema hivyo tukiwa wachungaji! Rafiki yetu hakutuhubiria. Alimchukua mtoto wetu wa pili mgongoni, akatushika mkono, tukaenda.

Leo anaishi Kimironko, jirani kabisa na hapa. Kwa miaka mitatu hatukukanyaga kwake. Tulisingizia kazi ya kanisa. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyesikia maneno yale, nasi tulimwonea haya.

Jumamosi iliyopita tulikwenda. Mkewe akatupa chai. Tukamwambia rafiki yetu kwa nini tulipotea. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba usiku ule yeye naye alikuwa ameacha kuomba. Alimbeba mtoto kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake. Tukacheka wote, halafu hatukuweza kuzuia machozi.

Basi ndugu yetu wa zamu tumemjibu hivi: wale wageni walipofika langoni bado walikuwa wawili. Wewe ulifika na nani, naye yuko wapi leo? Akainamisha kichwa. Aliyetembea naye kutoka Masisi anakaa bondeni, na hawasalimiani kwa sababu ya deni la pesa ya pango.

Wababa, mwezi huu kila mmoja amtafute mtu aliyetembea naye. Kama kuna deni, lizungumzwe. Kama yuko kambi nyingine, Kiziba au Mahama, apigiwe simu. Na kama mwenzako alibaki njiani, nenda kwa mjane wake au watoto wake, uwaambie alivyokuwa siku zile. Hayo wewe tu ndiwe unayeyajua.

Bwana aliyetembea na wanafunzi wawili wenye huzuni hadi Emau atembee nanyi. Amina.