UTUMWA WA MACHO

Somo: Wakolosai 3:22-24



Mwezi Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia Kenya, shule zilifungwa, na Serikali ikawahimiza waajiri wawaruhusu watumishi wafanyie kazi nyumbani. Binti yangu, mhasibu mjini Nairobi, alirudi kwangu na kompyuta yake.

Mimi niliyetia sahihi daftari la mahudhurio kila asubuhi kwa miaka mingi, nilimwona amejifungia chumbani saa nne mchana, nikamwambia jirani, “Huyu hana kazi.” Binti alisikia, wala hakunijibu. Usiku wa manane niliamka, nikaona taa yake ingali ikiwaka: alikuwa akimaliza hesabu za watu. Niliona haya, na asubuhi nikamwomba radhi.

Sasa waajiri wengi wanawaita watu warudi. Kampuni ya Amazon ya Marekani iliwataka watumishi wake wa ofisini wafike siku 5 kwa juma tangu Januari 2025. Waajiri husema vijana hujifunza wakiwa karibu na wakubwa. Watumishi husema nauli na msongamano wa magari vinawamaliza. Kila upande una haki yake.

Mtume Paulo alizijua hali zote mbili. Kule Korintho alikaa kwa Akila na Prisila, wakashona mahema pamoja. Huenda nyumba yao ilikuwa ndiyo karakana. Lakini alipotengwa na Wathesalonike, alitamani kuwaona uso kwa uso, hata akamtuma Timotheo. Barua ilifundisha, lakini haikuweza kushika mkono wa mtu.

Basi shida yetu si mahali. Mtumwa wa macho huacha koti lake kitini ofisini, akaenda zake. Mwenzake hulala nyumbani akajisingizia kazi. Wote wawili humsahau Bwana anayeona.

Ewe mwajiri, je, wamwita mtumishi kwa kuwa kazi yamhitaji, au kwa kuwa wamshuku tu? Ewe mtumishi, je, wakaa nyumbani kwa kuwa kazi yaenda vema, au kwa kuwa wawakimbia wenzako? Nasi wazazi, tumwonapo kijana nyumbani mchana, tuulize kabla ya kuhukumu. Mimi sikuuliza, nikamjeruhi mwanangu.

Mungu atujalie kufanya kazi kwa moyo, tukionekana na tusipoonekana. Amina.