Mwenye Kitu ni Nani?

Swali la mali ni la zamani, na kwa kawaida tunaiachia sheria ilijibu. Aliyenunua anayo stakabadhi, aliyerithi anao mashahidi, na aliyepewa zawadi anaye mtoaji. Mambo yakiharibika huenda mahakamani, na hakimu akishasema, yamekwisha. Lakini yapo maswali ambayo hakimu hana kazi nayo. Mtu aweza kuwa mwenye shamba kwa hati na asiijue hata mipaka yake, ilhali kibarua anayelilima anajua kila jiwe lililomo. Tukiuliza kwa haki, wala si kwa sheria tu, mwenye shamba ni nani?

Nataka kulitazama swali hili kwa kutumia vitu vidogo sana vilivyotengenezwa zamani katika nchi ya Japani. Nimevichagua kwa sababu udogo wake unatusaidia. Shamba, nyumba na ng'ombe vina manufaa mengi, na manufaa hayo hutuchanganya. Lakini kitu kinachoenea kiganjani, ambacho hakiliwi na ambacho siku hizi hakivaliwi, hutuacha ana kwa ana na swali lenyewe: kwa nini binadamu anataka kiwe chake?

Vazi la jadi la Wajapani, kimono, halina mifuko. Baadhi ya vitu viliweza kutiwa ndani ya mikono mipana ya vazi au kufutikwa kifuani. Vile ambavyo mwanamume alivihitaji mara kwa mara, kama vile tumbaku, dawa na muhuri, alivitundika kwenye mshipi kwa kamba. Ncha moja ya kamba ilishika kifuko au kikasha. Ncha ya pili ilipitishwa nyuma ya mshipi, ikatokea juu, na hapo ikafungwa kwenye kipande kilichochongwa ili kamba isiteleze mzigo ukaanguka. Kipande hicho ndicho netsuke. Katikati ya kamba ulipita ushanga mmoja uitwao ojime, ambao ukisukumwa chini hukaza kikasha, ukivutwa juu hukilegeza. Kikasha chenyewe, kikiwa cha vyumba vidogo vilivyopandana kimoja juu ya kingine, huitwa inro, na maana ya jina hilo ni chombo cha kuwekea mihuri. Msomaji wa pwani aliyemwona bibi yake na kijaluba chake cha tambuu hatapata taabu kuelewa.

Hebu tumfikirie mchongaji wa netsuke. Alitaka kuchonga sungura, au mzee anayepiga miayo, au panya juu ya ganda la njugu. Lakini hakuwa huru. Kazi yake ilipaswa kuwa na matundu mawili ya kupitishia kamba. Haikupaswa kuwa na ncha kali, kwa maana ingerarua nguo ya mvaaji, au ncha yenyewe ingevunjika. Tena ilikuwa lazima ipendeze kila upande, hata tumboni, kwa kuwa kitu cha kushikwa hakina mgongo wa kufichwa. Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, na mara nyingi nimewaambia kwamba uhuru usio na mpaka hauzai kazi njema. Netsuke ni ushahidi mzuri wa jambo hilo.

Inro nazo zina somo lake. Nyingi zilipakwa urushi, yaani utomvu wa mti uliochanjwa gome. Utomvu huo ukiwa mbichi huwasha na kuvimbisha ngozi, kama yanavyofanya mafuta ya ganda la korosho. Wala si ajabu, kwani miti hiyo miwili ni ya ukoo mmoja. Fundi alipaka tabaka jembamba, akaliacha ndani ya kabati lenye joto na unyevu, kwa sababu utomvu huu haukaushwi kwa jua; kisha akalisugua, akapaka jingine, na jingine tena. Juu ya tabaka ambalo halijakauka alinyunyiza unga wa dhahabu ukawa korongo, mawimbi au majani ya vuli. Kazi kama hiyo ilikula miezi. Na yote hayo kwa ajili ya kikasha cha kutilia vidonge vya tumbo!

Kwa nini watu waligharimia kitu kidogo namna hiyo? Sehemu ya jibu imo katika utawala wa zama zile za Edo, kati ya mwaka 1603 na 1868. Wafanyabiashara walihesabiwa kuwa daraja la chini, hata walipokuwa na fedha kuliko wenye panga. Mara kwa mara serikali ilitoa amri za kuzuia raia wasijifaharishe kwa mavazi. Basi mtu mwenye fedha asiye na ruhusa ya kuzionyesha alizishusha kiunoni, mahali ambapo rafiki angeona na askari asione kosa. Tamaa ya kumiliki kizuri haikuletwa na wageni. Mwaka 1781 kilichapishwa Osaka kitabu kilichoorodhesha wachongaji wa netsuke zaidi ya hamsini, na ndani yake tayari mlikuwa na habari za kazi za kuiga za Tomotada wa Kyoto, aliyesifika kwa kuchonga ng'ombe. Kizuri chajiuza, na kikishajiuza, huzaa cha bandia.

Kisha zama zikageuka. Baada ya mwaka 1868 Wajapani wengi wa mijini walianza kuvaa suruali na koti. Koti lina mifuko. Sigara haihitaji kiko wala kifuko cha kuning'inia. Kwa muda wa kizazi kimoja hivi netsuke zikapoteza kazi, na wageni wa Ulaya na Marekani wakazinunua kwa wingi. Leo nyingi zimo katika makumbusho ya Tokyo, London na Los Angeles, na katika kabati za watu binafsi.

Hapo ndipo wengine husema kwamba mkusanyaji ni mwizi mwenye adabu. Kitu kilichozoea mshipi, jasho na kidole gumba, yeye amekifungia nyuma ya kioo. Maneno haya si ya kupuuzwa. Netsuke ya kale hupendwa hasa kwa ule mng'ao ulioletwa na kushikwa, kama mpini wa jembe uliong'arishwa na viganja vya baba na mwana. Anayekiweka mahali pasipoguswa anakipenda kwa ajili ya jambo lile lile analolikomesha.

Hata hivyo, tusiharakishe kuhukumu. Edmund de Waal, mfinyanzi wa Uingereza, aliandika mwaka 2010 kitabu juu ya netsuke 264 za ukoo wake. Charles Ephrussi alizinunua Paris katika miaka ya 1870, na mwaka 1899 akampelekea binamu yake wa Vienna ziwe zawadi ya arusi. Mwaka 1938 Wanazi waliingia Vienna, wakaipora nyumba ya ukoo ule kwa kuwa ulikuwa wa Kiyahudi. Mtumishi wa nyumba, aitwaye Anna, alilazimishwa kuwasaidia kufungasha mali. Kila alipopita alichukua netsuke chache, akazitia katika mfuko wa aproni, akazificha ndani ya godoro lake. Vita vilipokwisha, binti wa ukoo aliporudi, Anna alimkabidhi zote. Picha, vitabu na samani vilikuwa vimekwenda. Hivi vidogo vilipona kwa sababu vilienea katika mfuko wa mtumishi.

Sasa nauliza: kati ya mwaka 1938 na mwisho wa vita, mwenye netsuke zile alikuwa nani? Wanazi walikuwa na nguvu na karatasi zenye mihuri. Ukoo ulikuwa na haki, lakini ulikuwa umetawanyika. Anna hakuwa na hati wala nguvu. Alikuwa na godoro. Lugha yetu inalo neno linalomfaa: amana. Mwenye amana hana ruhusa ya kuuza wala kuharibu, lakini ana wajibu ambao hata mnunuzi hana. Nami nadhani kila mwenye kitu chema ni mwenye amana, hata kama amekilipia. Aliyekichonga ametangulia, na atakayekirithi yuko njiani. Wala tusiitumie habari ya Anna kuwafurahisha matajiri, tukasema kwamba watumishi watunze na mabwana wamiliki. Kitabu kile kinamtaja kwa jina moja tu. Anayetunza vizuri hivyo alistahili walau kuandikwa majina yake yote.

Mpaka hapa hoja yaenda vizuri. Lakini baadhi ya netsuke ni za mti, na nyingine ni za pembe za ndovu. Japani haina tembo wa mwituni. Katika zama za Edo pembe ziliingia kupitia bandari ya Nagasaki, kwa merikebu za Wachina na Waholanzi. Ukitazama kipande kidogo kilichochongwa, huwezi kusema mnyama yule aliishi wapi. Na mahitaji hayakuisha netsuke zilipokwisha. Katika miaka ya 1970 na 1980 Japani ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa pembe duniani, na sehemu kubwa ilichongwa mihuri ya majina. Muhuri, kile kile kilichoipa inro jina lake, ukawa kaburi la tembo wengi wa Afrika.

Nina mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni muuguzi Uingereza. Amekusanya netsuke tisa kwa miaka mingi, sita za mti na tatu za pembe. Alipokuja likizo aliniwekea moja ya mti kiganjani, konokono anayetoka katika kombe lake, nami nikaelewa kwa nini mtu aweza kujinyima koti jipya kwa ajili ya kitu kama kile. Baadaye aliniandikia: "Mwalimu, hizi tatu za pembe nizifanyeje?" Sheria ya huko ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, inakataza biashara ya pembe isipokuwa kwa vitu vichache, kama vile vya kabla ya mwaka 1918 vilivyothibitishwa kuwa vya pekee kisanaa. Haimkatazi mtu kubaki navyo, kuvitoa zawadi wala kurithisha. Kwa hiyo swali lake halikuwa la sheria. Lilikuwa la dhamiri.

Njia ya kwanza ni kuzichoma. Julai 1989 Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe mjini Nairobi, na Oktoba mwaka huo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara yake. Mwaka 2016 Kenya ilichoma tani 105. Naliheshimu tendo lile. Lakini pembe zile zilikuwa ghafi. Ndani yake mlikuwa na kifo kimoja. Ndani ya netsuke mna kifo cha mnyama na uhai wa fundi pia. Kuichoma hakumrudishi tembo, na kunamfuta fundi.

Njia ya pili ni kuziuza mahali sheria inaporuhusu. Tembo yule, husema wanaotetea njia hii, alikufa miaka mia mbili iliyopita; fedha ya leo itamdhuru nani? Jibu ni kwamba bei haina kumbukumbu. Pembe ya kale ikiwa na bei, pembe ya jana hupakwa rangi ya chai ikaitwa ya kale. Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha kuwa Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000. Ya mwaka 2014 ilionyesha wapatao 43,000. Hiyo ndiyo kazi ya bei.

Najua pia kwamba yuko mkulima ambaye mahindi yake ya mwaka yameliwa na tembo usiku mmoja, naye akisikia tunamlilia mnyama huyo atatucheka kwa uchungu. Ana haki yake ya kusikilizwa na kulipwa. Lakini haki hiyo haikuwahi kufikishwa kwake na mnunuzi wa pembe.

Nilimjibu mwanafunzi wangu kwamba abaki nazo, asiziuze hata akiruhusiwa, na kwamba katika wosia wake azikabidhi kwa makumbusho au shule, kwa sharti kwamba zielezwe habari zake zote mbili, ya mkono uliochonga na ya mnyama aliyeuawa. Alinirudishia neno zito: "Mwalimu, waliotajirika kwa pembe walijenga majumba. Mimi nilitoa mishahara ya miezi mitatu, na unaniambia niipoteze?" Naam, ndivyo ninavyomwambia, nami sioni njia ya kulifanya jambo hilo liwe rahisi kwake. Wahenga walisema tembo hashindwi kubeba pembe zake. Sisi tulizichukua, na sasa sharti mmoja wetu aubebe mzigo wake bila faida. Aliyezipenda ana sababu kuliko aliyezifanyia biashara.

Kama amana ingekuwa na faida wakati wote, kila mtu angeipokea, wala tusingehitaji neno la kuitofautisha na mali. Mwanafunzi wangu hajanijibu tena juu ya zile tatu. Ila ameniarifu kwamba kila Jumamosi humpa mwanawe ile ya konokono aishike anapofanya kazi yake ya shule, ili isipoteze mng'ao.